Ndege Itakuja Imebeba Nini?

Kaskazi ikianza kuvuma, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Wageni huuliza hotelini kama kuna mtu amemwaga kitu majini. Ni Sabaki huo. Mto unaingia baharini kilomita chache tu kaskazini ya mji, na msimu huo mkondo husukuma tope lake kusini hadi mbele yetu. Kusi ikirudi, tope huenda zake upande wa Ngomeni, nasi tunapata tena maji ya kupigia picha.

Tope lenyewe si letu. Ukiufuata mto kwenda juu, jina linakuwa Galana. Ukizidi kupanda ni Athi, na Athi inaanzia huko karibu na Nairobi. Mtu akilima mteremko Ukambani bila kukinga maji, mvua ikapiga, shamba lake litatufikia sisi. Limetufikia miaka mingi. Kuna hoteli zilizojengwa mawimbi yakiwa mlangoni, na leo mgeni anavuka matuta ya mchanga kwanza ndipo aone bahari.

Naanzia kwenye tope kwa sababu kila baada ya miaka michache mtu mwenye shati lililonyooshwa huja Malindi na ramani, akatwambia mizigo itaongezeka. Bandari hii, uwanja ule. Mimi kazi yangu ni mizigo. Nimeajiriwa ofisi ya klearing Mombasa, nashinda na makaratasi ya makasha ya watu, na nimejifunza jambo moja ambalo ramani hazilisemi: mzigo hauendi mahali palipochorwa, unaenda mahali penye kina na barabara. Kilindini, jina lenyewe linakueleza kuna nini pale chini. Hata hivyo, mbali na kina hicho, ilibidi serikali ikope kwa Wajapani kujenga gati mpya za makasha: awamu ya kwanza ikafunguliwa 2016, ya pili 2022. Mwaka 2024 Mombasa ikavuka makasha milioni 2 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa kipimo cha lile kasha la futi 20. Sasa weka Malindi kando ya hayo. Gati letu ni la wavuvi. Na mto unalijazia mchanga bure, usiku na mchana, bila tenda.

Si kwamba hatujawahi kuwa bandari. Mwaka 1415 twiga alifika China, zawadi kutoka Malindi, na hadi leo nikimkuta mtu anaringa mtandaoni kwamba mji wake una historia, namtumia picha ya twiga yule. Miaka 83 baadaye Vasco da Gama akatia nanga hapa kutafuta rubani wa kumvusha hadi India. Lakini kipindi ambacho mizigo ya Malindi ilikua kweli kweli, yaani kukua kwa mizani, ni baada ya 1861, Sultani Majid alipoupa mji uhai mpya. Mtama na ufuta wa Malindi ulikuwa unapakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Ulilimwa na watumwa. Hilo hatulifundishwi sana kwa utulivu. Wengine wetu tuna babu pande zote mbili za shamba. Utumwa ulipofutwa kisheria 1907, mashamba yakarudi vichaka. Uchumi mzima ulikuwa umesimama juu ya migongo ambayo haikuulizwa kitu.

Ndiyo maana nilishangilia, kama mtu wa pwani na si kama karani, ile hukumu ya Lamu. Mnakumbuka? Machi 2012 Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir walisimama Lamu kuzindua bandari ya gati 32. Wavuvi wakaenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na leo zipo 3. Kina chake ni mita 17.5, kirefu kuliko tulichozoea Mombasa, lakini miaka ya mwanzo meli zilikuwa zikija kwa kuhesabika. Kina kipo, barabara za kupeleka huko Ethiopia na Sudan Kusini ndizo zilizochelewa. Wenye kupanga walianza na kile kinachopendeza kupigwa picha siku ya uzinduzi.

Sasa, uwanja wa ndege.

Uwanja wa Malindi uko mjini kabisa. Ukishuka unaweza kutembea na begi lako mpaka barabarani ukachukua tuktuk. Njia ya kurukia ina urefu wa kama kilomita 1.4, inatosha ndege za mapangaboi kutoka Nairobi, basi. Mpango wa kuirefusha ifike kilomita 2.5, ndege kubwa za Ulaya zitue moja kwa moja, nimeusikia tangu niko shule ya msingi. Kila uchaguzi unapata rangi mpya. Awali ilikuwa watalii, Waitaliano hasa. Siku hizi wameongeza mizigo: maembe, samaki.

Shangazi yangu ana ekari 3 na miembe 41 upande ambao uwanja, ukirefuka, unaweza kuelekea. Naandika "unaweza" kwa sababu nimeona ramani tatu na kila moja ina mstari wake. Vigingi viliwekwa. Vingine mbuzi wameving'oa kwa kujikunia, vingine watoto wamefanyia magoli. Na vigingi vikishawekwa, hujui uendelee kuishi vipi. Ukipiga bati jipya, utaambiwa ulijenga ili ulipwe. Ukiacha nyumba ianguke, imeanguka na mpango wenyewe bado. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema ardhi ikichukuliwa kwa manufaa ya umma mwenyewe alipwe fidia ya haki, kamili, tena upesi. Neno la upesi limo. Nililisoma kwa sauti pale nyumbani na shangazi akaniambia, "Haya baba, rudia hapo."

Kikao tulichokwenda pamoja kilifanyika kwenye ukumbi wa kukodi, na projekta, na soda. Grafu ya mizigo ilikuwa inapanda kutoka kona ya chini hadi kona ya juu, kama grafu zote za vikao. Mwisho wake uliandikwa 2040. Wazee waliuliza fidia. Vijana waliuliza ajira. Shangazi akainua mkono, akasimama, akajifunga leso vizuri kwanza.

"Baba, hiyo ndege ikija, itachukua nini?"

"Maembe yenu, mama. Na samaki."

"Na itakuja imebeba nini?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, manake kule ofisini watu wazima wanalipwa mshahara kuuliza swali hilo hilo. Ndege ya mizigo inakula mafuta ikiwa imejaa na inakula mafuta ikiwa tupu. Lazima mtu alipie pande zote mbili za safari. Eldoret wana uwanja tangu 1997, njia ya kurukia kilomita 3.5, sisi tunaomba 2.5. Ndege za mizigo zinatua pale kweli, zimejaa bidhaa za madukani kutoka Ghuba na Asia. Kurudi ndiyo kazi. Maua yanapandia Nairobi, kwa sababu vyumba vya baridi viko Nairobi, mawakala wako Nairobi, na ndege za abiria zenye nafasi tumboni ziko Nairobi. Malindi ndege italeta nini ambacho kasha la Mombasa, kilomita 120 tu kutoka hapa, halileti kwa bei ndogo?

Afisa alijibu kwamba soko litajitokeza. Akaendelea na picha inayofuata.

Maembe nayo yana habari zake. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na ilichukua hadi 2021 kufungua tena. Miaka 7. Njia ya ndege isingesaidia kitu hapo, ungekuwa na lami ndefu na maembe yenye funza. Kilichohitajika ni mitego shambani, kuokota yaliyoanguka na kuyazika, na mtu wa kukagua anayefika hadi Magarini na si kusubiri Nairobi. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya shimo la maembe mabovu.

Na tunavyo viwanda vilivyotangulia kutufundisha. Kilifi palikuwa na kiwanda cha korosho, watu wamesomeshwa nacho, kikafa. Mikanju mingi ikakatwa kuni. (Ngomeni tuna ajabu kubwa zaidi: Desemba 1970 satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini. Huo ni mzigo uliosafiri mbali kweli kutoka kwetu, na kuuona ulikotua hatukuuona.)

Baada ya kikao alikuja dalali. Kijana mpole, viatu safi. Alitaka ekari zote 3, pesa taslimu, kabla ya fidia. Hesabu yake ilikuwa wazi: anunue kwa shangazi bei ya shamba, auzie serikali bei ya uwanja. Binamu yangu alitaka iuzwe. Anaendesha bodaboda ya mtu, na sehemu yake ingemnunulia yake, labda na ya pili. Alisema, "Mama, mpango ni wa 2040. Mimi nina njaa ya leo." Sikuwa na la kumjibu, na sikuona haya kukosa. Waliniuliza mimi kwa kuwa mimi ndiye wa mizigo. Nikasema ninavyoona: uwanja utarefushwa siku moja, kwa abiria, mizigo ya maana itaendelea kushuka na barabara hadi Mombasa, kwa hivyo chochote tutakachopanda, tupande cha kwenda na lori.

Shangazi hakuuza. Upande wenye vigingi alipanda mipapai na mihogo, vitu vitakavyokuwa vimelipa kabla mtu hajaja na tingatinga. Upande wa mbali alikata vichwa vya miembe 12 ya ngowe, ile mizee kabisa, akaibebesha vikonyo vya apple, manake wanunuzi wa nje ndiyo wanayotaka. Miaka mitatu hivi ndipo izae vizuri. Ngowe zilizobaki amekataa kuzigusa. Hiyo ni ya kula, anasema, na mtu hawezi kuishi kwa kuuza tu. Binamu alikaa wiki tano bila kula kwao. Sasa anakula, ila hawasemi sana.

Januari hii lori lilipakia kreti 63 na kuondoka saa nne usiku ili lifike Kongowea kabla ya alfajiri. Barabara ya Kilifi hadi Mtwapa bado inapanuliwa, foleni za diversheni zikalishika, likafika jua limeshatoka na bei imeshateremka. Kreti 8 zilikuwa zimeanza kulainika. Shangazi alinipigia simu saa tatu asubuhi, niko katikati ya makaratasi ya kasha la vigae la mtu wa Kampala. Hakuuliza habari ya uwanja. Alitaka kujua chumba cha baridi, kidogo tu, cha kugawana na majirani sita, kinauzwa pesa ngapi, na kama kinaweza kutumia sola.