Kutoka Sori Mpaka Dar es Salaam

Watu waliozaliwa Sori, kwenye Ghuba ya Karungu, hawaoni ajabu kutazama maji mapana yasiyo na ng'ambo. Kila alfajiri mashua hurudi na omena na mbuta, na watoto wengi hujua kuogelea kabla hawajajua kusoma. Basi wako wanaouliza, "Ya nini kutumia fedha kwenda kuitazama bahari, na ziwa tunalo mlangoni?" Lakini wahenga walisema, Tembea uone. Mtu wa Sori aendaye Dar es Salaam kwa likizo ataona mambo mawili ambayo ziwa halikumfundisha.

Safari ni ndefu, lakini si ya kutisha. Msafiri hutoka Sori mpaka Migori, kisha huvuka mpaka Isebania na kutokea Sirari. Yampasa awe na paspoti au hati ya muda ya kusafiria, na abadilishe fedha zake mahali pa halali, asidanganywe na wanaozunguka barabarani. Kutoka hapo basi hupita Tarime, Bunda, Mwanza, Shinyanga na Singida mpaka Dodoma. Tangu mwaka 2024 yuko huru kupanda treni ya umeme kutoka Dodoma, na kwa muda wa saa nne hivi atakuwa pwani.

Mji huo ulianza kujengwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani waliufanya makao ya serikali yao mwaka 1891, na makanisa mawili makubwa waliyoyajenga karibu na bandari yangali yanasimama. Lakini mvuvi wa Sori atavutwa kwanza na soko la samaki la Kivukoni. Hapo atasikia kelele za mnada kama za kwao, ingawa samaki ni wageni kwake: changu, kolekole, jodari na pweza. Karibu na hapo pana kivuko cha kwenda Kigamboni, na tangu 2016 liko daraja pia.

Jambo la kwanza la ajabu ni maji yenyewe. Ziwani maji hukaa mahali pake. Baharini hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndio bamvua, huenda mbali zaidi. Mgeni huacha viatu vyake mchangani, akarudi asivione. Huona mashua zimelala juu ya tope asubuhi, na jioni zinaelea. Kwa hiyo, hata akiwa hodari wa kuogelea, na awaulize wenyeji kwanza saa za maji. Aliye fundi ziwani ni mwanafunzi baharini.

Jambo la pili liko Kariakoo, mtaa wenye soko kubwa, ambako watu huenda kununua nguo na vyombo bila kuwaza asili ya jina. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na vita vikafika hata Karungu. Waingereza walipowafuata kusini, barabara hazikuwako na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Basi mizigo ikawekwa vichwani pa watu. Maelfu walichukuliwa kutoka Nyanza, Wajaluo wengi miongoni mwao, wakatiwa katika jeshi la wapagazi lililoitwa Carrier Corps. Dar es Salaam ilitwaliwa Septemba 1916, na mahali pa kambi ya wapagazi hao pakabaki na jina lao katika matamshi yetu: Kariakoo. Nairobi nayo ina Kariokor yake.

Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi kwao. Waliuawa na malaria, kuhara na njaa kuliko risasi. Katikati ya mji wa Dar es Salaam iko sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927, na maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Lakini majina yao hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi mno hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya.

Basi mtu wa Sori akisimama Kariakoo na kanga ya mkewe mkononi, na afahamu kwamba huenda wa ukoo wake alipita hapo kabla yake, na mzigo kichwani, bila likizo wala nauli ya kurudi. Atakaporudi nyumbani atawapa watoto zawadi na kuwasimulia habari za maji yanayokimbia. Kisha na awaendee wazee, awaulize ni nani wa ukoo aliyekwenda asirudi, na aliandike jina hilo daftarini. Yaliyoachwa na serikali bila kuandikwa yaweza bado kuandikwa na wajukuu, maadamu wako wanaokumbuka.