Viongozi Wakizozana, Mpira Hulala

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Msomaji mpenzi, hapa Garissa nyasi ni haba, lakini methali hiyo naielewa barabara kwa sababu mimi ni mmoja wa nyasi zenyewe. Naam, mimi ni beki wa kushoto katika timu ya mtaa wetu.

Mwaka jana tulibadilisha mwenyekiti. Wachezaji na wazee walikutana, kura zikapigwa, akapatikana mpya. Yule wa zamani alikataa katakata kutoa mkoba wa jezi, mipira miwili na kadi zetu za usajili. Eti vyote ni vyake! Adeer mmoja aliwaita wote wawili nyumbani kwake kuwapatanisha. Wapi! Walikunywa chai, kila mtu akashika njia yake. Tukakosa mechi tatu. Winga wetu, kijana mwenye mbio kama swara, alichoka kungoja akaenda kuendesha bodaboda. Hadi leo hajarudi uwanjani.

Yaliyotupata sisi yaliwahi kuipata nchi nzima. Mnamo Novemba 2021, Waziri wa Michezo, Bi. Amina Mohamed, aliivunja kamati ya Shirikisho la Kandanda iliyoongozwa na Bw. Nick Mwendwa, kukiwa na madai ya matumizi mabaya ya pesa. Akateua kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. FIFA nayo haitaki serikali iingilie mambo ya mpira, kwa hivyo Februari 2022 ikaifungia Kenya. Je, ni nani aliyeumia? Harambee Starlets hawakucheza na Uganda. Harambee Stars wakaondolewa katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Afrika la 2023. Wachezaji hao hawakuwa wamegusa hata senti moja! Kifungo kiliondolewa Novemba 2022, baada ya waziri mpya, Bw. Ababu Namwamba, kuurudisha uongozi wa awali.

Mambo yalikwenda vingine tarehe 7 Desemba 2024. Wajumbe walipiga kura kule Kasarani, Bw. Hussein Mohammed akawa rais, na McDonald Mariga, aliyekuwa kiungo wa Inter Milan, akawa makamu wake. Agosti 2025 Kenya ikacheza CHAN kwa mara ya kwanza, ikaifunga Morocco 1-0 na kufika robo fainali, ikatolewa na Madagascar kwa penalti. Sisemi kwamba marais ndio waliofunga mabao, la hasha! Nasema tu kwamba safari hii vijana walikuwa uwanjani.

Kwa maoni yangu, kupiga kura peke yake hakutoshi. Sisi tulipiga kura na bado tukalala. Kilichokosekana ni daftari la mali ya timu na siku ya kukabidhi mbele ya mashahidi. Sasa tumechanga, tukanunua mpira mmoja, na umeandikwa daftarini kuwa ni wa timu.

Wanafunzi wenzangu, cheo ni dhamana. Mtu akija kutuomba kura, awe wa chama, wa bweni au wa mtaa, tusimuulize tu atatuletea nini akiingia. Tumuulize pia atakabidhi nini akitoka.