Bakshishi Hotelini Si Chai

Unapokwenda likizo na jamaa yako, tuseme Unguja, ukafikia hotelini, utakutana na mtumishi wa mapokezi. Huyo ndiye atakayekuitia teksi, akukatie tiketi ya boti na kukuelekeza njia ya Forodhani. Je, umpe nini?

Neno bakshishi limetoka katika Kiajemi, nalo lahusu kutoa zawadi. Kwa hiyo hutolewa kwa hiari, baada ya kazi. Ukimtilia noti mkononi mapema ili akupe chumba alichokwisha kuwekewa mwingine, hiyo ni hongo, hata ukiiita chai. Atakayeumia ni yule msafiri mwenye watoto atakayeambiwa usiku kwamba vyumba vimejaa.

Akikuitia teksi tu, shukrani yatosha. Lakini akihangaika nusu siku kumtafutia mwanao daktari, mpe. Mpe shilingi, tena noti. Sarafu za kigeni, ambazo wageni hupenda kuziacha, aghalabu maduka ya kubadilishia fedha hayazipokei. Mwite "ndugu", si "boi" (neno hilo lilipaswa kuondoka na mkoloni). Akikataa, usimlazimishe, huko Japani kukataa ndiyo desturi.

Yuko pia atandikaye kitanda, ambaye huenda usimwone kabisa. Mwachie fungu lake kila asubuhi, kwani wa leo huenda asiwe wa kesho. Liweke juu ya mto, pamoja na kikaratasi ulichoandika "asante", asije akadhaniwa mwizi.