Mume Wangu na Maple Leafs Wake

Nilidhani nimeolewa na mtu mmoja, kumbe ni timu nzima! Tulihamia Toronto mwaka 2015, mwaka ambao Maple Leafs, timu ya hoki ya barafuni, ilimchagua chipukizi Mitch Marner. Mume wangu akawa shabiki wa kufa mtu. Kila mechi, sebule inajaa washkaji wanabishana: kocha Sheldon Keefe afukuzwe! (Akafukuzwa kweli 2024, akaja Craig Berube.) Marner auzwe au abaki? Mimi napitisha sambusa, kimya. Na Kombe la Stanley lenyewe hawajalichukua tangu 1967, jamani.

Katikati ya 2025 Marner akaenda zake Las Vegas. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, timu ikaambulia Nicolas Roy tu. Washkaji wakapiga kelele mpaka saa sita usiku. Mume wangu hakusema neno. Walipoondoka akaniambia, "Mke wangu, bora mtu aseme mapema kama anaondoka."

Nikashtuka. Barua ya kazi ya Calgary ilikuwa kwenye droo yangu wiki ya tatu.

Nikaenda kuitoa. Tulibishana mpaka alfajiri, na safari hii sikuwa mpitisha sambusa.