Kazi ya uwanja wa ndege huko nje: tuulize kabla ya kutoa makuta



Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, vijana waliokuwa wanapata mkate pale wamebaki nyumbani. Mdogo wangu ni mmoja wao. Alipakia na kushusha mizigo ya ndege miaka saba. Ndiyo maana matangazo yanayopita kwenye WhatsApp, ya kazi ya uwanja wa ndege Canada au Dubai, kwetu Keshero yanasomwa kwa matumaini makubwa.

Hivi karibuni mama mmoja wa kundi letu aliomba AVEC imkopeshe dola 600. Kijana wake alikuwa amepokea barua ya kuajiriwa Canada, na komisioneri alitaka makuta ya kufungua dosie kabla ya Ijumaa. Mimi ndiye ninayeshika kitabu cha AVEC. Makuta ya sanduku ni yetu sote, na ndani yake mna ada za shule za watoto wetu. Nikaomba siku tatu za kuuliza. Mama akaniambia mbele ya wote: "Wewe hutaki mtoto wa mwenzio aendelee." Iliniuma, maana mimi pia nina kijana anayesubiri kazi nyumbani.

Nilikaa na mdogo wangu, tukauliza pia ndugu walioko huko nje. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kazi yenyewe ipo kweli. Kuna wanaopakia mizigo, wanaosukuma ndege kwa trakta, wanaosafisha ndani, wanaopokea abiria. Wanawake nao wamo. Mara nyingi mwajiri ni kampuni ya kuhudumia ndege, kama dnata ya Dubai iliyoanza 1959, au Swissport ya Uswisi, inayofanya kazi hata Dar es Salaam. Barua ya kijana ilitaja uwanja tu, bila jina la kampuni.

Pili, anayeingia mahali ndege zinaposimama huchunguzwa kwanza kwa ajili ya usalama. Canada na nchi za Umoja wa Ulaya huangalia angalau miaka 5 ya nyuma: uliishi wapi, ulisoma wapi, ulifanya kazi gani, na kama umewahi kuhukumiwa. Uchunguzi wa namna hiyo haumaliziki kwa wiki moja. Komisioneri huyu hakumuuliza kijana hata shule aliyosoma.

Tatu, ni nani anayelipa? Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema kimsingi kwamba wakala wa kazi hapaswi kumtoza mfanyakazi. Canada, mwajiri anayeomba kibali cha kuajiri mgeni hulipa serikali dola 1,000 za Canada kwa kila nafasi, na haruhusiwi kumdai mfanyakazi azirudishe. Mfanyakazi hulipia viza yake, lakini malipo hayo yanakwenda kwa serikali, si kwenye simu ya mtu.

Kijana mwenyewe alimwandikia komisioneri, akamwomba jina la kampuni na kontra ya kazi. Alijibiwa kwamba nafasi inakwenda kwa mwingine. Kisha namba ikanyamaza. Dola 150 ambazo mama alikuwa amekwisha kutuma hazikurudi. Alikaa majuma mawili bila kuja mkutanoni, tukaenda kumwona nyumbani. Hatukuzungumza makuta siku ile.

Dada zangu, jambo lililonigusa zaidi ni ile miaka 5. Watoto wetu wamefanya kazi kweli, lakini wengi hawana karatasi ya kuonyesha. Wengine walipoteza diplomu walipokimbia volkano Mei 2021, wengine walipokimbia vita. Mdogo wangu mwenyewe, miaka saba yote, ana karatasi moja tu yenye saini ya mkubwa wake. Ameanza kuwatafuta waliokuwa wakubwa wake, mmoja mmoja, wamwandikie tarehe alizofanya kazi. Na jioni anajifunza Kiingereza, maana Dubai na sehemu kubwa ya Canada kazi hiyo inataka Kiingereza. Bado hajapata kazi.

Tumekubaliana katika AVEC: mkopo wa pasipoti, wa masomo ya lugha au wa kutafuta upya diplomu tutautoa. Mkopo wa kumlipa mtu "anayeuza nafasi" hatutoi, awe ndugu au rafiki.

Mkutano ujao, kila mama alete bahasha yenye karatasi za mtoto wake. Tutaandika pamoja zilizopo na zinazokosekana. Na ukipata tangazo, lilete tulisome wote kabla hujatuma hata dola moja.