Aliuza kahawa ya mama yake ili apate Game Boy

Ukikulia Kagera, neno butura unalijua. Ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu pesa unaitaka leo. Inakatazwa kila msimu na watu wanaifanya kila msimu. Kijana mmoja wa Omurushaka, wilayani Karagwe, aliifanya kwa miti ambayo wala haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake. Na hakuwa na mgonjwa wala ada ya shule. Alikuwa anataka Game Boy.

Ndiyo, Game Boy. Kile kidude cha Nintendo cha mwaka 1989, kizito kama tofali, kinachokula betri nne.

Ishu ilianza utotoni, kwenye banda la game pale Kayanga. TV ya chogo, benchi moja, mashine ya kuigiza Famicom, na kaseti ambayo mpaka uipulize vumbi ndo inashika. Wenzake waligombania pedi. Yeye hata akiishiwa hela alibaki mlangoni kusikiliza ule muziki, mpaka mama atokee na fimbo.

Baadaye akawa fundi simu. Usiku mmoja YouTube ikamletea jamaa kasimama stejini na Game Boy mbili, watu wanaruka kinoma. Akachimba, akakutana na LSDj, programu ya Msweden mmoja, Johan Kotlinski, inayogeuza Game Boy kuwa studio. Akapiga hesabu zake: kama madogo wa Dar walipika singeli kwenye kompyuta za kawaida, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso mpaka Ulaya wakashtuka, yeye wa Karagwe anashindwa nini?

Ndoto haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba LSDj inapiga hata kwenye simu, ukiweka emuleta. Angeweza kuanza usiku uleule bila kugusa kahawa ya mtu. Lakini alitaka kitu cha kushika mkononi. Kuna mtu Uganda alikuwa nayo, mtumba, pamoja na kaseti tupu ya kupakia programu. Basi miti ikauzwa kimyakimya, dogo akapanda boda hadi Murongo, kule Kyerwa mpakani, akapokea mzigo uliovuka kutoka Kikagati.

Wiki ya kwanza alichotoa ni kama simu ya tochi inaita. Game Boy ina chaneli nne tu. Mbili ni za melodi, zina ule mlio mkali wa game. Ya tatu unachora wimbi lake mwenyewe, na wengi huifanya besi. Ya nne ni kelele tupu, kama redio iliyopoteza stesheni. Ukiikata fupifupi inageuka snea na hi-hati. Kila kipande kina hatua 16, unajaza namba kwa mishale na vitufe. Ukitaka kiki nzito unaiazima chaneli ya besi, kwa hiyo besi inapisha. Hakuna pa kujaza makorokoro. Mwezi wa pili akaanza kuelewa, na beat moja ikatulia, ya kasi ya singeli, aliyoihangaikia wiki sita.

Halafu ikafutika. Kaseti za aina ile hutunza kazi kwa betri ndogo ya ndani, kama ya saa, na ya kwake ilikuwa imechoka.

Siku chache baadaye mnunuzi wa butura akaingia shambani na magunia. Mama alikuwa hukohuko anapalilia.

Hakupiga kelele. Alimwuliza tu, "Baba, umeuza kahawa yangu?"

"Nimeuza, mama. Nisamehe."

Akaendelea kupalilia. Siku tatu chakula kinawekwa mezani, neno hakuna. Afadhali ile fimbo.

Sasa analipa kidogo kidogo kila Jumamosi kutoka kwenye kibanda cha simu. Betri ya kaseti aliichomelea mpya mwenyewe, ufundi si anao, na kila wimbo anauhamishia kwenye laptopu. Beat iliyofutika ameijenga upya, japo anasema ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Wote husema hivyo.

Jioni moja mama akauliza hicho kidude kinafanya nini hasa. Akamwekea spika ya masikioni. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Si ndo yaleyale ya banda la Kayanga?"

"Ndiyo, mama."

"Na wiki hii bado hujanipa."

Msimu uliofuata magunia alibeba yeye kwenda chama cha ushirika. Stakabadhi alimkabidhi mama kabla hata hajanywa maji.