Kununua ni Siku Moja

Msomaji wangu, kununua chombo ni kazi ya siku moja. Kuwa nacho ni kazi ya miaka. Mwenye fedha hununua asubuhi, na kabla ya jua kuchwa huitwa mwenye mali. Lakini stakabadhi huonyesha tu kwamba fedha imehama mfuko. Ukitaka kujua kama mtu anakimiliki kitu kwa kweli, itazame mikono yake, kisha ukitazame kitu chenyewe baada ya miaka kumi. Nataka kuzungumza nawe juu ya jambo hili kwa mfano wa pikipiki, kwa kuwa huo ndio mfano nilio nao.

Pikipiki yangu ni Honda XL 125, ya jamii ya pikipiki zilizoundwa kwa njia zisizo na lami. Injini yake ni ya silinda moja, hupozwa na upepo mtupu. Gurudumu lake la mbele ni kubwa kuliko la nyuma, ili lipate kulipanda jiwe. Na tumbo lake limeinuliwa mbali na ardhi. Niliinunua mwaka 2003, ikiwa imekwisha tumiwa na wengine, nilipokuwa nikihudumia mifugo katika Samburu. Hata leo ningali nayo.

Huenda umesikia pikipiki za namna hii zikiitwa enduro. Neno hilo ni la mashindano ya ustahimilivu. Mashindano makuu ya namna hiyo yalianza mwaka 1913 katika mji wa Carlisle, Uingereza, nayo huchukua siku 6. Sharti lake moja hunipendeza kupita mengine. Sehemu kubwa za chombo hutiwa alama ili zisibadilishwe kwa siri, na kikiharibika, mpanda pikipiki mwenyewe ndiye awajibikaye kukitengeneza kwa mikono yake. Waliotunga sharti hilo walijua kwamba kwenda mbio ni nusu ya ustadi. Nusu ya pili ni kukifikisha chombo kizima.

Chombo cha nyikani kina adui watatu. Wa kwanza ni vumbi. Injini huvuta pumzi kama mwanadamu, na pumzi hiyo hupita katika sifongo. Sifongo ikiziba, injini hukosa hewa na kula petroli bure. Ikitoboka, vumbi huingia likaisaga silinda na pete za pistoni mfano wa tupa. Oili hupenya mahali pasipo pake ikaungua, na moshi wa samawati ukatoka nyuma kutangaza msiba. Kwa hiyo kila nirudipo kutoka njia ya vumbi huitoa sifongo, nikaiosha kwa maji ya sabuni, nikaianika kivulini, kisha nikaitia oili safi na kuikamua.

Adui wa pili ni mtikisiko. Mawe ya njia ya Maralal kwenda Baragoi hulegeza kila nati iliyokazwa nusunusu. Kabla ya safari huzipitia zote kwa spana. Spoki za magurudumu huzigonga moja moja na kuzisikiliza: iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea huguna kama chungu chenye ufa. Mnyororo nao huusukuma kwa kidole. Hupaswa kucheza kama sentimita 2 au 3. Ukikazwa mno huumiza beringi, na ukilegea mno huruka meno. Uchakaapo, huubadilisha pamoja na magurudumu yake ya meno, maana meno yaliyolika huula mnyororo mpya kwa muda mfupi, na aliyedhani amebana matumizi hununua mara mbili.

Adui wa tatu ni maji. Nikivuka mto uliojaa, hukagua oili nifikapo ng'ambo. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yamekwisha ingia, wala hapana budi kuimwaga yote na kutia nyingine. Oili iliyotumika huiweka katika debe, nisiimwage ardhini, kwa maana maji ya visima ni ya watu wote.

Labda utasema kwamba hizi ni kazi za fundi, wala hazimpasi mtu aliyesoma. Nitakujibu kwa kisa kimoja. Mwaka 2006 mlipuko wa sotoka ya mbuzi na kondoo ulianza Turkana, ukaenea katika sehemu nyingi za kaskazini ya Kenya. Ugonjwa huu huua mbuzi kwa homa, kuhara na kukosa pumzi, na hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni chanjo. Nayo chanjo ni kiumbe dhaifu: hutaka baridi, na joto likiipata huharibika, isiwe na faida tena hata ikidungwa kwa ustadi gani.

Siku moja mwaka 2008 nilikuwa nikielekea upande wa Marti, kisanduku cha barafu na chanjo kimefungwa nyuma yangu. Wafugaji walikuwa wamekusanya mbuzi tangu alfajiri. Katikati ya mto mkavu, waya wa klachi ukakatika. Jua lilikuwa la utosini, mchanga umeyameza magurudumu hadi karibu na spoki, na hapakuwa na mtu wala gari. Barafu haikujua kungoja. Lakini kwa muda wa miaka mitatu palikuwa na waya mwingine, mpya, uliolazwa sambamba na ule wa kwanza na kufungwa kwa kamba kutoka mpini hadi injini. Niliufungua uliokatika, nikaziunganisha ncha za ule uliokuwa ukingoja, nikarekebisha, nikapiga kiki. Barafu ilikuwa bado ngumu nilipofika. Mbuzi wale walikuwa maziwa ya watoto, mahari ya vijana na karo za shule. Sijui wangapi wangalikufa. Najua tu kwamba walichanjwa siku ile.

Waya ule ulikuwa wa bei ndogo. Kuulaza mahali pake kulinichukua nusu saa ya Jumamosi moja niliyokwisha kuisahau. Ndivyo utunzaji ulivyo: malipo yake huja siku usiyoichagua, na aghalabu hayaji kabisa machoni pako, maana ajali iliyozuiwa haionekani.

Rafiki zangu wamenishauri mara nyingi niiuze nikanunue mpya. Hoja yao si dhaifu: kipuri kimoja nimewahi kukingojea miezi miwili, na fedha niliyoitumia kwa miaka yote ni nyingi kuliko bei niliyoinunulia. Tena, ukihesabu matairi, minyororo, nyaya, pete za pistoni na kiti, sehemu nyingi si zile nilizonunua. Lakini kila sehemu iliyobadilishwa iliniachia elimu yake. Sauti ya injini ile naitambua kama mama atambuavyo kikohozi cha mwanawe gizani. Pikipiki mpya ingalikuwa na nguvu zaidi, nami ningalikuwa mgeni juu yake.

Msomaji, yamkini huna pikipiki, wala hutakuwa nayo. Unacho kitabu chenye jalada linaloanza kuachana, baiskeli ya babako yenye mnyororo mkavu, au meno yako mwenyewe. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba azibaye nyufa kila siku huja akaujua ukuta wake jiwe kwa jiwe, na ujuzi huo hauuzwi dukani. Basi leo jioni, kabla ya taa kuzimwa, chagua kitu kimoja ulicho nacho ukikague.